Seva ya ramani inayogoma kila siku mbili tatu: angalia haya kabla hujanunua RAM

Swali: Nasimamia seva ya ramani katika ofisi ya mipango miji, Morogoro. Tunatumia GeoServer 2.22.2 (programu ya kusambaza ramani mtandaoni) juu ya Tomcat 9 (programu ya Java inayoiendesha), Ubuntu 22.04, mashine ina RAM GB 8. Data ya viwanja iko PostGIS, yaani hifadhidata ya PostgreSQL yenye uwezo wa ramani, kwenye mashine hiyohiyo, na tuna picha za droni za kata kadhaa. Kila baada ya siku mbili tatu ramani zinaanza kutoka nyeupe, halafu seva inagoma kabisa. Tukiizima na kuiwasha inarudi. Nimeona pia prosesa inakuwa juu hata saa nane usiku. Jambo jingine, viwanja vya zamani havikai juu ya picha ya droni, vimesogea kama mita mia tatu. Mkuu wangu anataka tununue RAM zaidi. Nimweleze nini?

Jibu: Ndugu msomaji, mwombe mkuu wako aishike hiyo hela kwanza. RAM huenda ikahitajika baadaye, ila katika maelezo yako kuna jambo lililonishtua kuliko hizo ramani nyeupe: prosesa kuwa juu saa nane usiku, kwenye GeoServer 2.22.2. Saa hizo hakuna mpimaji aliye ofisini wala mwananchi anayetafuta kiwanja chake. Kabla ya kuuliza kwa nini seva inagoma, tujue ni nani anayeitumia.

Mwanzoni mwa Julai 2024 ilitangazwa kasoro ya usalama ya GeoServer yenye namba CVE-2024-36401. GeoServer ilikuwa ikipokea jina la safu ya data kutoka kwa yeyote anayeomba ramani, na kulipeleka kwenye maktaba inayolisoma kama usemi wa XPath, lugha ya kutafutia vitu ndani ya data. Usemi ukiandikwa kwa hila, Java inaendesha amri yoyote kwenye mashine yako. Mvamizi hahitaji nywila. Anahitaji ombi moja tu la WFS au WMS, yaani njia ileile wanayopita wananchi kutazama ramani. Ukali wake ulipimwa 9.8 kati ya 10. Tiba ilitoka katika matoleo 2.22.6, 2.23.6, 2.24.4 na 2.25.2. Hilo lako, 2.22.2, ni la kabla ya tiba.

Usidhani wavamizi wanatafuta ofisi kubwa tu. CISA, shirika la Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao, liliiweka kasoro hii kwenye orodha ya zinazotumiwa na wavamizi mwezi huohuo wa Julai, na Septemba 2025 likaeleza jinsi taasisi moja ya serikali ya huko ilivyoingiliwa kupitia GeoServer kabla Julai hiyo haijafika katikati. Wavamizi walikaa ndani karibu wiki tatu bila kugunduliwa. Wengine wameitumia kasoro hiihii kupandikiza programu za kuchimba sarafu za kidijitali, ambazo kazi yake ni kula prosesa ya mtu mwingine usiku na mchana. Ndiyo maana saa nane yako ya usiku imenitia wasiwasi.

Prosesa ikiwa juu, ingia kwenye mashine uandike:

ps -u tomcat -o pid,pcpu,lstart,args

Mtumiaji tomcat anatakiwa awe na mchakato mmoja, ule wa java. Ukiona mwingine, hasa wenye jina lililotungwa lifanane na kitu cha mfumo, ulioanza tarehe ambayo hakuna mtu wenu aliyegusa seva, basi umevamiwa. Angalia pia ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, crontab -l -u tomcat, na upekue /tmp na /var/tmp. Kisha tafuta kwenye logi ya maombi ya Tomcat:

zgrep -i "java.lang.Runtime" /var/log/tomcat9/localhost_access_log*

Ukikuta mstari hata mmoja, kuna aliyejaribu. Usipokuta, usilale: ombi lililotumwa kwa POST haliachi maudhui yake kwenye logi hiyo.

Kama dalili zipo, usihangaike kufuta faili moja moja ukidhani umesafisha. Jenga mashine mpya, uhamishie data peke yake baada ya kuikagua, na ubadilishe nywila zote ambazo mashine ya zamani ilizijua, pamoja na ya PostGIS, kwa sababu aliyeingia kama tomcat anasoma kila kinachosomwa na GeoServer. Toeni taarifa pia TZ-CERT, kitengo cha Tanzania kinachoshughulikia matukio ya usalama wa kompyuta. Wanahitaji kujua, na si aibu kwa ofisi yenu.

Kama hakuna dalili, bado leo usiende nyumbani kabla ya jambo moja. Izime Tomcat, ingia WEB-INF/lib ndani ya GeoServer, uliondoe faili linaloanza na gt-complex, uiwashe tena. Mwenye kutumia kiendelezi cha app-schema atakwama, lakini kwa viwanja na picha za droni sidhani utaona tofauti. Hiyo ni ya kukuvusha wiki hii tu. Dawa yenyewe ni kusasisha, na kwenye kusasisha kuna mitego mitatu ninayoiona mara kwa mara.

Mtego wa kwanza ndio unaoumiza zaidi. Aliyesakinisha GeoServer kwa faili la WAR (kifurushi kimoja chenye programu nzima) bila kutaja GEOSERVER_DATA_DIR, folda yake ya data inakaa ndani ya webapps/geoserver/data. Siku unapoondoa programu ya zamani ili uweke mpya, Tomcat inafuta folda yote, na leya, mitindo, watumiaji na mipangilio ya miaka vinaondoka nayo. Fungua ukurasa wa hali ya seva kwenye GeoServer, usome mstari unaoonyesha folda ya data ilipo. Ikiwa iko ndani ya webapps, inakili kwanza kwenda mahali kama /srv/geoserver_data, uitaje kwa -DGEOSERVER_DATA_DIR kwenye vigezo vya Java, uhakikishe kila kitu kinaonekana, ndipo uguse WAR.

Hapo utakutana na wa pili. Kifurushi cha tomcat9 cha Ubuntu kimefungwa na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kisiandike nje ya folda zake chache. GeoServer itasoma /srv vizuri, halafu ukijaribu kuhifadhi mtindo utaambiwa mfumo wa mafaili ni wa kusoma tu. Watu hupoteza siku nzima wakibadilisha ruhusa kwa chmod, na ruhusa hazina kosa. Andika systemctl edit tomcat9, kisha uongeze mistari hii miwili:

[Service]
ReadWritePaths=/srv/geoserver_data

Wa tatu ni shauku ya kusasisha kila kitu kwa pamoja. Matoleo mapya ya 2.x yanahitaji Tomcat 9. Kuanzia Tomcat 10, majina ya ndani yalihama kutoka javax kwenda jakarta, na GeoServer ya 2.x haitawaka humo hata ukeshe. Java nayo ina ngazi zake: 2.27 inaendeshwa na Java 11 au 17, na 2.28 inataka 17. Kila mfululizo wa matoleo hutunzwa kwa karibu mwaka mmoja tu, kwa hiyo kusasisha kuwe ratiba ya kila miezi sita, bila kusubiri seva iugue.

Sasa turudi kwenye kugoma kwenyewe. Kila mnapoizima na kuiwasha mnaokoa kazi ya siku hiyo, lakini mnafuta ushahidi. Ikigoma tena, jipe dakika mbili kabla ya kuizima, uchukue picha ya nyuzi za Java, yaani kazi zinazoendeshwa ndani yake kwa wakati mmoja:

sudo -u tomcat jcmd NAMBA_YA_MCHAKATO Thread.print > /var/tmp/nyuzi.txt

Kwenye faili hilo tafuta nyuzi zenye majina ya http-nio-8080-exec. Hizo ndizo zinazohudumia watu. Kama nyingi zimesimama penye borrowObject, zinasubiri muunganisho wa PostGIS. Kama zimesimama penye StreamingRenderer au kwenye usomaji wa TIFF, zinachora kitu kizito. Kwa dakika hizo mbili utajua ugonjwa uko upande wa hifadhidata au upande wa picha, jambo ambalo RAM mpya isingekuambia.

Soma na mwisho wa geoserver.log, ndani ya folda ya logs katika folda ya data. Ukikuta OutOfMemoryError: Java heap space, Java imemaliza kiasi ulichoipa. Logi ikikatika ghafla bila kulalamika chochote, uliza kerneli: journalctl -k | grep -i "killed process". Mara nyingi utakuta Linux yenyewe imeiua java kwa sababu mashine nzima imeishiwa kumbukumbu, na hii hutokea pale mtu anapoipa Java GB 6 kwenye mashine ya GB 8 inayoendesha na PostgreSQL. Tiba yake ni kupunguza -Xmx, kikomo cha kumbukumbu ya Java. Kwa mashine yenu ningeanza na -Xms2g -Xmx3g, na ningeongeza -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError ili ikianguka iache kielelezo.

Kumbukumbu inaliwa na nini hasa? Picha moja ya ramani inachukua baiti 4 kwa kila pikseli. Ramani ya skrini ya pikseli 1024 kwa 768 ni MB 3, haimuumizi mtu. Lakini ninyi ni mipango miji, mnachapa mabango. Karatasi ya A0 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli karibu 9,900 kwa 14,000, yaani zaidi ya MB 550 kwa ombi moja, na mtindo wenye ngazi kadhaa za kuchora huzidisha kiasi hicho. Wapimaji wawili wakichapa A0 kwa pamoja, GB 3 zako zimeshikwa. GeoServer ina kikomo cha kuzuia hili, kwenye mipangilio ya WMS: kumbukumbu ya kuchora KB 65536, inayotosha pikseli 4096 kwa 4096, na muda wa kuchora sekunde 60. Nenda kaangalie. Nimekuta seva nyingi ambako mtu aliweka 0 ili bango lake litoke, na 0 maana yake hakuna kikomo kabisa. Rudisha kikomo, na mabango yachapwe kwa QGIS, programu ya ramani ya kwenye kompyuta ya mtu, ambayo inatumia kumbukumbu ya kompyuta ya anayechapa.

Picha za droni ndizo ninazozishuku kuliko zote. Kwa ubora wa sentimita 5, kilomita moja ya mraba ni pikseli 20,000 kwa 20,000, takriban GB 1.2 bila kubanwa. Andika gdalinfo na jina la picha yako, utazame mistari ya bendi. Ukisoma Block=20000x1 na hakuna neno Overviews, umeshapata mkosaji. Picha imehifadhiwa kwa mistari mirefu badala ya vipande vya mraba, na haina nakala ndogo ndogo za kutazamia kwa mbali. Mwananchi akifungua ramani ya kata nzima kwenye simu, seva inalazimika kupitia faili zima ili imchoree picha ya upana wa vidole vinne. Wakifungua kumi kwa wakati mmoja, zinatoka nyeupe. Igeuze mara moja tu:

gdal_translate picha.tif picha_mpya.tif -of COG -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85

Ukirudia gdalinfo kwenye faili jipya unatakiwa uone Block=512x512 na orodha ya Overviews. Faili litapungua ukubwa sana, na ramani iliyokuwa ikisubiriwa nusu dakika itafunguka papo hapo. Faili la asili usilitupe, maana JPEG hupoteza usahihi kidogo wa rangi. Liweke kwenye diski ya nje kwa kazi za upimaji. Katika kazi zote za kuharakisha ramani, sijaona inayolipa kama hii kwa jasho dogo hivi.

Upande wa PostGIS, hakikisha jedwali la viwanja lina faharasa ya kijiografia:

CREATE INDEX ON viwanja USING GIST (geom);
ANALYZE viwanja;

Halafu uhesabu hifadhi, zile store zinazoiunganisha GeoServer na hifadhidata, ulizofungua. Kila moja ina bwawa lake la miunganisho, na kikomo cha kawaida ni 10. PostgreSQL yenyewe kwa kawaida inapokea 100. Ofisi nyingi hufungua store mpya kwa kila leya, kumi na tano zote zikielekea hifadhidata ileile, na siku yenye watu wengi wanaanza kukataliwa. Store moja kwa hifadhidata moja inatosha leya zote. Na mtindo wa viwanja uwekee kipimo, visichorwe mpaka mtu asogee karibu. Kuchora kila kiwanja cha manispaa kwenye ramani ya mkoa hakumsaidii anayetazama, na seva inachoka bure.

Sakinisha pia kiendelezi cha control-flow. Ni faili dogo la controlflow.properties kwenye folda ya data lenye mistari kama ows.wms.getmap=8, user=6 na timeout=60. Maombi yanayozidi yanapanga foleni, hayamiminiki yote kwa pamoja. Mtu mmoja mwenye programu ya kupakua ramani hataweza tena kuwaangusha wengine.

Kuhusu weupe wa ramani, msiishie kutazama kwenye kivinjari. Bonyeza F12, nenda kwenye orodha ya maombi, chagua kigae (kipande cha mraba cha ramani) kilichoshindwa, ukifungue kwenye dirisha jipya. Mara nyingi GeoServer imekujibu kwa maneno, ndani ya XML ya ServiceException, ila tovuti imeyaficha. Ikisema hakuna nafasi kwenye diski ilhali df -h inaonyesha nafasi tele, andika df -i. Akiba ya vigae ya GeoWebCache, sehemu ya GeoServer inayohifadhi vigae vilivyokwisha kuchorwa, ina mafaili madogo madogo yasiyohesabika, na diski ya ext4 ina idadi maalumu ya mafaili inayoweza kubeba. Idadi hiyo huisha kabla ya gigabaiti. Kikomo cha akiba hakiwashwi chenyewe. Kiwashe kwenye ukurasa wa Disk Quota, na usizalishe vigae vya ngazi za chini kabisa kwa mkoa mzima. Kila ngazi unayoshuka inazidisha vigae mara nne.

Zile mita mia tatu ni habari njema, kwa sababu hakuna aliyepima vibaya. Viwanja vya zamani vilipimwa kwa Arc 1960, mfumo wa koodineti uliotumika Tanzania, Kenya na Uganda, na kwa Morogoro ni EPSG:21037 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya koodineti). Droni inatumia WGS 84, yaani EPSG:32737 kwa kanda hiyohiyo ya 37 kusini. Namba zinafanana sura, kwa hiyo aliyepandisha data akachagua 32737 na hakuna kilicholalamika. Dalili yake huku kwetu haibadiliki: viwanja vinasogea kaskazini karibu mita 300, na magharibi chini ya mita 100. Kama vyako vimesogea upande huo, rekebisha kwenye PostGIS kwa UpdateGeometrySRID('viwanja','geom',21037), ambayo inabadilisha jina la mfumo bila kugusa namba. Usitumie ST_Transform hapa, itasogeza kosa mahali pengine. Kisha uiambie GeoServer mfumo wa asili ni 21037, nayo itageuza yenyewe wakati wa kuchora.

Ukimaliza, viwanja vikibaki nje kwa mita chache, usishangae. Kuna vigezo vya kugeuza Arc 1960 vya wastani wa eneo zima (-160, -6, -302) na vya Tanzania peke yake (-175, -23, -303), na programu inaweza kuchagua vya wastani. Unaweza kuilazimisha GeoServer itumie vya Tanzania kupitia faili la epsg_operations.properties ndani ya user_projections. Ila kabla ya kufanya hivyo kaa na mpimaji wenu mkuu, mchague alama za mipaka zinazoonekana wazi kwenye picha ya droni, mlinganishe. Mipaka ya watu haitakiwi kusogezwa na mtu wa kompyuta peke yake.

Machache ya kumalizia. Nywila ya admin kama bado ni geoserver, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma. Kurasa za usimamizi zisionekane kwenye intaneti. Weka nginx mbele, programu inayopokea maombi kabla hayajafika kwa GeoServer, ipitishe njia za ramani tu, na usisahau kujaza Proxy Base URL na kuongeza kikoa chenu kwenye GEOSERVER_CSRF_WHITELIST, la sivyo utashindwa kuhifadhi mipangilio ukiwa unapitia https.

Na bakapu. Kila usiku zichukuliwe mbili kwa pamoja, pg_dump ya hifadhidata na nakala ya folda ya data ukiacha gwc (ile akiba ya vigae), kwa kuwa leya bila jedwali lake haina maana. Zipelekwe mashine nyingine, si folda nyingine kwenye diski ileile. Mara moja kila robo mwaka chukua kompyuta yoyote ya ofisini, urejeshe bakapu ya jana humo, ufungue ramani ya kiwanja unachokijua. Kompyuta hiyohiyo itumie kujaribia toleo jipya la GeoServer kabla halijafika kwenye seva ya wananchi.